Modeli ipi kwa mvua, ipi kwa mafuriko, ipi kwa ukame?

Anayeuliza "modeli ipi ni bora?" huwa ameshasoma maelezo ya modeli kumi, kila moja ikijisifu kivyake, na sasa anataka mtu amkatie shauri. Sina jina moja la kumpa. Nina swali la kumrudishia: ukishaupata utabiri huo utafanya nini, na utakuwa umebakiwa na muda gani wa kukifanya? Anayetaka kujua kama mtaro utafurika jioni hii na anayetaka kujua kama msimu ujao utakuwa mkavu wote wanaulizia mvua, lakini zana ya mmoja haimfai mwenzake hata kidogo.

Kwa hiyo nimeupanga ulinganisho huu kwa maswali, si kwa umaarufu wa modeli. Nitakaa zaidi kwenye mvua na mafuriko, maana huko ndiko watu wanakochanganyikiwa zaidi siku hizi.

Mvua: milinganyo au akili bandia?

Modeli ya kifizikia huigawa anga katika visanduku, kisha hukokotoa upepo, joto, mgandamizo wa hewa na unyevu wa kila kisanduku, hatua kwa hatua, kwa kufuata kanuni za mwendo na za nishati. Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwingereza Lewis Fry Richardson alilijaribu kwa mkono wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipokuwa akihudumu na kikosi cha magari ya wagonjwa nchini Ufaransa. Ofisi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa lundo la majani makavu. Alitaka kukokotoa jinsi hewa ya Ulaya ya kati ilivyobadilika kwa saa 6 za tarehe 20 Mei 1910. Akapata kwamba mgandamizo ungepanda kwa hektopaskali 145. Siku yenyewe haukuwa umesogea kwa kiasi cha kutajika. Mwaka 1922 alilichapisha kosa hilo bila kulificha, na miongo mingi baadaye Peter Lynch akazirudia hesabu zilezile baada ya kulainisha data za kuanzia, akapata jibu la kuaminika. Milinganyo haikuwa na ila. Data za kuanzia ndizo zilizokuwa zikigombana zenyewe kwa zenyewe.

Kisa hicho kinaamua mengi hata leo. Kila utabiri huanza na picha ya anga ya sasa, na picha hiyo haikosi madoa. Edward Lorenz aliliona hilo mwaka 1961 alipoiingizia kompyuta 0.506 badala ya 0.506127: hali ya hewa ya modeli yake ikafuata njia ya kwanza kwa muda, kisha ikapotea kabisa. Ndiyo maana tangu 1992 kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kimekuwa kikiendesha kundi la tabiri, siku hizi 51, karibu zote zikianza na picha iliyotikiswa kidogo. Zikikubaliana, shika neno lake. Zikitawanyika, kutawanyika kwenyewe ni habari. Kwa mvua ya kuanzia siku ya nne hivi, ukipewa utabiri mmoja wenye visanduku vidogo au kundi lenye visanduku vikubwa kidogo, chukua kundi.

Kisha ikaja akili bandia. Mwaka 2023 zilichapishwa Pangu-Weather ya Huawei na GraphCast ya Google DeepMind. Februari 2025 ECMWF wenyewe wakaiingiza modeli yao, AIFS, katika kazi ya kila siku. Hizi hazitatui mlinganyo wowote wa anga. Zimelishwa miongo ya hali ya hewa iliyopita, zikajifunza kwamba anga ikiwa hivi, baada ya saa 6 huwa vile. GraphCast hutoa utabiri wa siku 10 kwa muda usiofika dakika moja, kazi ambayo modeli ya kifizikia huifanyia kwenye kompyuta kuu. Tena, katika vipimo 1,380 ambavyo waandishi wake walivilinganisha, iliishinda modeli kuu ya ECMWF katika asilimia 90.

Wengi huacha kusoma hapo, wakaenda kuipakua. Ingefaa wasogeze ukurasa kidogo. Pangu-Weather haitabiri mvua kabisa: ina joto, upepo, unyevu na mgandamizo, basi. GraphCast inayo mvua, ila mwalimu wake ni ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa iliyopita inayotengenezwa na ECMWF, na mvua ya ERA5 kwa sehemu kubwa ya dunia haikutoka kwenye vipimamvua. Ilikokotolewa na modeli ya kifizikia ndani ya visanduku vya kilomita 31. Mwanafunzi amerithi makosa ya mwalimu. Zaidi ya hapo, modeli iliyofunzwa kupunguza kosa la wastani hujifunza woga. Ikisita kama dhoruba itapiga upande huu au ule, hunyunyiza mvua ya kadiri pande zote mbili. Alama zake zinapanda, dhoruba inapotea. GenCast, modeli nyingine ya Google DeepMind iliyochapishwa mwishoni mwa 2024, inautibu ugonjwa huo kwa kutoa kundi la tabiri badala ya mmoja uliolainishwa, na nadhani huko ndiko mambo yanakoelekea.

Modeli za kifizikia nazo zisijigambe. Wingu la radi lina upana wa kilomita chache tu, kwa hiyo kisanduku cha kilomita 9 hakilioni. Mvua yake hukisiwa kwa kanuni za pembeni. Ukishuka chini ya kilomita 4 hivi mawingu huanza kujichora yenyewe, lakini gharama inapaa na eneo unaloweza kulihesabu linasinyaa. Karibu na ikweta, ambako mvua nyingi hutokana na mawingu ya aina hiyo, pengo hili linauma kuliko huko kwenye mifumo mipana ya pepo za magharibi.

Mimi nachagua hivi. Kwa saa 2 za mbele, acha zote mbili, tafuta rada. Kusukuma mbele picha ya mvua inayoonekana sasa hivi bado kunazishinda. Kwa sura ya jumla ya wiki ijayo, akili bandia inatosha na ni rahisi kuiendesha. Kwa kiasi cha mvua kubwa, kile kitakachoingizwa kwenye modeli ya mto, bado nachukua kundi la kifizikia na kulirekebisha kwa vipimamvua vya eneo husika. Kama vipimamvua ni haba, kuna makadirio ya setilaiti: IMERG hutoa mvua ya kila nusu saa kwa visanduku vya nyuzi 0.1, nzuri kwa mafuriko. CHIRPS inaanzia 1981 kwa visanduku vya nyuzi 0.05, nzuri kwa ukame. Kuzibadilishana ni kosa ninaloliona mara kwa mara, hasa CHIRPS kutumiwa kwa dhoruba ya saa tatu.

Mafuriko: maswali mawili yenye jina moja

La kwanza: maji kiasi gani yatafika, na lini? La pili: yatatandaa wapi, kwa kina gani? Modeli inayojibu la kwanza mara nyingi haijui chochote kuhusu la pili, na mtu akinunua au kupakua programu bila kuyatenganisha hujikuta na ramani nzuri ya maji ambayo hajui yatakuja lini.

Kwa swali la kwanza, anza na modeli za ndoo. HBV ya Sweden na GR4J ya Ufaransa huliona bonde la mto kama ndoo zilizotobolewa: mvua inaingia, sehemu inavukiza, sehemu inavuja polepole hadi mtoni. GR4J ina vigezo 4 tu. Mtu aliyezoea modeli kubwa huicheka, lakini kwenye bonde lenye rekodi nzuri ya mtiririko huenda sambamba na modeli zenye vigezo makumi, na ikikosea unaweza kujua ni ndoo ipi iliyovuja vibaya. Hilo la pili lina thamani kuliko linavyosikika. Modeli unayoweza kuihoji usiku wa mafuriko ni rafiki.

Mshindani wake ni LSTM, mtandao wa neva wenye kumbukumbu. Ukiufunza kwa bonde moja tu hautoi maajabu. Nguvu yake huonekana unapofunzwa kwa mabonde mengi kwa pamoja, kwa sababu hujifunza jinsi udongo, mteremko na mvua zinavyoshirikiana popote pale, kisha hulipeleka somo hilo kwenye mto usio na kipimo. Mwaka 2024 watafiti wa Google walichapisha katika jarida la Nature modeli iliyofunzwa kwa vituo 5,680 vya mito, wakadai kwamba utabiri wake wa siku 5 mbele unakaribia au kuupita uhakika wa utabiri wa siku ileile, yaani siku sifuri mbele, wa GloFAS, mfumo wa Ulaya wa kutabiri mafuriko ya dunia nzima. Kwa mto usio na rekodi yoyote, sioni sababu ya kuanzia kwingine. Kwa mto wenye miaka mingi ya vipimo vizuri na bonde lisilobadilishwa sana, ndoo bado inastahili kushindanishwa kabla ya kutupwa.

GloFAS yenyewe ina sharti moja ambalo watumiaji hulisahau. Tuseme inatabiri mita za ujazo 900 kwa sekunde. Usiilinganishe namba hiyo na daftari lako la mto. Ilinganishe na viwango vya modeli yenyewe, yaani mafuriko ambayo modeli hiyo huyaona mara moja kwa miaka 2, 5 au 20. Inaweza kukosea kwa kiasi na bado ikawa sahihi kwamba hili ni tukio la nadra.

Na hakuna hata moja kati ya hizi inayojua mwendeshaji wa bwawa atafungua lango saa ngapi.

Swali la pili lina zana zake. HEC-RAS ya Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani inapatikana bure na ndiyo wengi wanaijua; LISFLOOD-FP ya Chuo Kikuu cha Bristol ni nyepesi zaidi kwa tambarare pana. Watu hubishana sana kuhusu hizi mbili, na kwa maoni yangu wanabishania kisichoamua. Kinachoamua ni ramani ya mwinuko wa ardhi. Data za SRTM zilikusanywa kwa siku 11 za Februari 2000 kutoka chombo cha anga, na rada yake mara nyingi ilirudishwa na majani ya miti na mapaa, si na udongo. Kosa la mita kadhaa ni la kawaida. Sasa mwaga juu yake mafuriko ya kina cha mita 1. Msitu wa kando ya mto unageuka ukuta, maji yanazuiwa yasifike mahali ambapo kwa kweli hufika kila mwaka, na mchoraji anashangaa kwa nini wakazi wanamkatalia ramani yake. Kwa hiyo kama una bajeti ya kitu kimoja, iwe ni upimaji wa ardhi kwa leza kutoka angani, au angalau ramani iliyoondolewa miti na majengo, kabla ya kuhangaikia programu. Vilevile usikimbilie visanduku vidogo kwa ajili ya urembo: ukivipunguza kutoka mita 10 hadi 5 idadi yake inakuwa mara 4, hatua za muda nazo zinakatwa nusu, na hesabu inakuwa kama mara 8, huku kosa la mwinuko likiwa palepale.

Mafuriko ya ghafla kwenye vijito vidogo niyapitie haraka. Maji hufika ndani ya saa chache, wakati mwingine chini ya moja. Modeli yoyote ya mto itachelewa. Huko tumia kiwango cha mvua kilichopangwa mapema: ikinyesha kiasi fulani kwa saa moja wakati udongo umeshashiba, kengele inalia.

Ukame: kipimo si utabiri

Ukame una tabia ya kuja kimyakimya, na kosa la kwanza ni kudhani SPI, SPEI na PDSI ni modeli za utabiri. Ni vipimo vya hali ilivyo.

| Kipimo | Kinahitaji | Kinafaa | Kinapopotosha |
|---|---|---|---|
| SPI (1993) | mvua ya kila mwezi, miaka 30 au zaidi | upungufu wa mvua kwa muda unaouchagua | hakijui joto. Jangwani miezi mingi ni sifuri |
| SPEI (2010) | mvua na makadirio ya uvukizi | ukame unaochochewa na joto | uvukizi ukikadiriwa kwa joto peke yake, ukame hukuzwa kupita kiasi |
| PDSI (1965) | mvua, joto, uwezo wa udongo kushika maji | ukame mrefu wa ardhini | kilisukwa kwa mazingira ya Marekani; ni kizito kugeuka |

Kama data yako ni mvua tu, SPI, basi, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani linaipendekeza kwa wote. Namba ya -1 huashiria ukame wa wastani, -1.5 mkali, -2 uliokithiri. La muhimu zaidi ni kuchagua muda: miezi 3 kwa mimea, miezi 12 na zaidi kwa mabwawa na maji ya ardhini. Kwa joto linaloendelea kupanda, mimi huweka SPEI kando yake, na zikianza kuachana najua ni joto linalokausha, wala si mawingu pekee yaliyogoma.

Utabiri wenyewe wa msimu hutegemea bahari. Joto la uso wa Pasifiki ya kati, eneo liitwalo Niño 3.4, likipita wastani kwa nyuzi 0.5 na kudumu hivyo, mvua za mabara mengi hubadilisha tabia. Bahari ya Hindi nayo ina bembea yake ya joto kati ya magharibi na mashariki, kama ilivyoonekana mwaka 1997 na 2019. Modeli za kifizikia za bahari na anga zinasimama dhidi ya milinganyo rahisi ya takwimu, na hapa, tofauti na kwenye mito, akili bandia ina njaa. Setilaiti zimepima joto la bahari kwa ukamilifu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hiyo ni misimu arobaini na kitu. Ukiwa na pointi 40 na viashiria 20 vya kuchagua, kimoja kitafanana na mvua yako kwa bahati tu, na mwaka unaofuata kitakuacha njiani. Chagua viashiria viwili au vitatu vyenye sababu ya kifizikia inayoelezeka, au chukua wastani wa modeli kadhaa za kifizikia. Utabiri uliotolewa kati ya Machi na Mei kuhusu mwisho wa mwaka uuchukulie kwa tahadhari: hicho ndicho kipindi ambacho Pasifiki haisomeki vizuri.

Kuna ujanja mwingine wa kuujua. Mtu akikuambia modeli yake inatabiri SPI ya miezi 6 mwezi mmoja mbele kwa usahihi mkubwa, kumbuka kwamba miezi 5 kati ya hiyo 6 imeshanyesha na imeshapimwa.

Ishindanishe na utabiri wa mvivu

Niliwahi kuonyeshwa modeli ya kina cha mto, siku moja mbele. Mistari miwili kwenye chati, wa kipimo na wa utabiri, ilikuwa imelaliana kama pacha, na alama ya Nash–Sutcliffe ilikuwa juu ya 0.9, ambapo 1 ni ukamilifu. Nikaomba wakikuze kipande cha siku tatu za mafuriko. Mstari wa utabiri ulikuwa uleule wa kipimo, umesogezwa siku moja kulia. Modeli ilikuwa imejifunza kusema "kesho kama leo". Mto mkubwa hubadilika polepole, kwa hiyo jibu hilo linapata alama nyingi siku zote isipokuwa siku maji yanapopanda.

Tatizo hilo ni la zamani. Mwaka 1884 Mmarekani John Finley alitoa tabiri 2,803 za vimbunga vya nchi kavu, akajisifu usahihi wa asilimia 96.6. Alipatia vimbunga 28, vikamponyoka 23, na mara 72 alipiga kengele ya uongo. Zilizobaki, 2,680, zilikuwa nyakati ambazo alisema hakuna, na kweli hakukuwa na kitu. Mmarekani mwenzake, Gilbert, akaonyesha kwamba mtu ambaye angesema "hakuna kimbunga" kila mara angepata asilimia 98.2. Kwa hiyo kwa mafuriko usikubali asilimia ya usahihi peke yake. Dai idadi tatu: yaliyonaswa, yaliyoponyoka, kengele za uongo. Dai pia modeli ijaribiwe kwa miaka ambayo haikufunzwa nayo, miaka mizima, si siku zilizochomolewa hapa na pale, maana siku mbili za jirani ni ndugu na mtihani unakuwa umeshavuja.

Ukishapata modeli iliyowashinda wavivu wote wawili, wa "kama jana" na wa "kama wastani wa miaka yote", bado hujamaliza kuchagua. Tuseme 12 kati ya tabiri 51 zinaonyesha mto kupita kingo kesho kutwa, yaani uwezekano wa takriban asilimia 24. Wachukue watu wawili wanaousoma utabiri huo. Wa kwanza ana ghala la mbegu kando ya mto: kuzihamisha kunamgharimu sehemu moja ya kumi ya hasara atakayopata zikilowa. Kwake, kizingiti ni asilimia 10, na alipaswa kuwa ameshaanza kupakia. Wa pili ana kiwanda ambacho kukizima kunakula nusu ya hasara ileile. Kizingiti chake ni asilimia 50, kwa hiyo anaendelea na kazi, ila anafungua utabiri wa saa 6 zijazo mara tu unapotoka.